Sketi Haishiki Kiuno

Makete,
12 Mei 2024

Mwanangu Adelina,

Habari za hapo Igalula? Bibi yako miguu inamsumbua bado? Mimi mzima, ila baridi ya huku haizoeleki. Asubuhi maji ya ndoo yanakuwa na ngozi ya barafu, naipasua kwa kikombe ndipo ninawe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe unapumua tu kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, halafu unasema "haya Mama," tunaagana. Kwenye karatasi angalau unaongea.

Nina shida, nayo ni ya aibu kidogo. Wasichana wa bweni wamenipa jina. Juzi naingia kukagua vitanda, nikamsikia mmoja wa kidato cha tatu, Apolinaria, ananong'ona: "Jamani simameni, Sare kaingia." Kumbe Sare ndiyo mimi! Tangu nimeajiriwa hapa navaa sweta ya kahawia na sketi ya kijivu, kila siku, kama wao. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Na Mkuu wa shule alishasema kikaoni kwamba matroni ni kioo cha mabinti.

Kununua nyingine siwezi sasa, unajua tunaweka akiba ya chuo chako cha ushonaji Januari. Za baridi nilizonazo ndizo zile ulizonikunjia mwenyewe: sketi ya kijivu ya sufu, gauni la drafti, sweta ya kahawia yenye vifungo, sweta nyeusi ya shingo ndefu, blauzi nyeupe, koti jeusi, na vitenge vyangu viwili. Wewe tangu mdogo ulikuwa unayavalisha magunzi ya mahindi mpaka yakapendeza. Nipangie na mimi.

Sketi imelegea kidogo. Nadhani ni vilima hivi vinavyonikondesha. Bibi usimwambie.

Mama yako


Igalula,
20 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Bibi miguu inavimba jioni, lakini anapalilia mchicha wake akiwa amekaa kwenye kigoda, na hataki kusaidiwa. Anakusalimu sana.

Nimezifikiria nguo zako siku nzima. Nilitandika za kwangu na za Bibi kitandani nikajifanya ndizo zako, hii koti, hii sketi, nikazigeuzageuza mpaka Bibi akauliza kama tunahama.

Naona tatizo ni hiyo sweta ya kahawia kuonekana yote kila siku. Siku moja ifunge vifungo vyote, uichomekee ndani ya sketi kama blauzi. Siku nyingine igeuze, vifungo viwe mgongoni, kola ya blauzi nyeupe itokeze juu. Hakuna atakayejua ni ile ile. Gauni la drafti, ukilivalia sketi juu yake, watu wataona blauzi ya drafti. Kesho yake livalie sweta nyeusi, wataona sketi ya drafti. Kitenge cha bluu kikunje kiwe na upana wa kiganja, kizungushe shingoni, ncha zake ziingie ndani ya koti. Ila koti na sketi ya kijivu usivivae siku moja, vinakuzeesha. Samahani Mama, sisemi kwamba umezeeka.

Sketi usiikate. Sogeza kifungo tu, ukirudi kunenepa utakirudisha.

Mwanao,
Adelina


Makete,
16 Juni 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Mungu akubariki wewe na hayo macho yako. Ile ya vifungo mgongoni iliwamaliza! Apolinaria alinizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Matroni, hii umeinunua wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Mwanao ana duka?"

"Ana kichwa."

Mwingine akapiga makofi: "Sare kafa, tukazike!" Siku hizi asubuhi wananisubiri mlangoni waone nimevaaje. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kusubiriwa.

Sasa nikuambie jambo, na hapa usome peke yako. Kifungo nimekisogeza, nikakisogeza tena, na sketi haishiki kiuno. Chakula hakikai. Nikila ugali tumbo linawaka, baadaye narudisha. Imekuwa hivyo tangu kabla ya Pasaka. Alhamisi Mkuu kanitazama kwa muda, akauliza, "Matroni, unaumwa?" Nikamwambia hapana, ni nguo tu, nilizinunua kubwa.

Kuna mama mmoja wa hapa hapa kijijini anaulizia kazi hii kila akipita. Mkataba wangu unaisha Desemba. Nikienda hospitali wataniandikia nipumzike, na nikipumzika ufunguo wa bweni atapewa yeye. Wakiniongezea mwaka, wewe utaingia chuo, na mimi hapo ndipo nitajitibu. Nimeshavumilia makubwa kuliko haya. Kwa hiyo nipangie tena mwanangu, safari hii nionekane nimejaa.

Mama yako


Igalula,
30 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi aliniomba nimsomee barua yako, nikamsomea mpaka pale pa kuzika Sare, akacheka akajifuta machozi. Nilipofika kwenye mengine nikasema imeisha. Akauliza, "Mbona karatasi ya pili hujaigeuza?" Nikamwambia ni salamu tu.

Nimejaribu kupanga kama ulivyotaka. Chini ya sketi zungusha kitenge kiunoni mara mbili, ukibane kwa pini upande wa kushoto, hapo sketi itapata pa kushika na nyonga zitaonekana. Gauni la drafti livae ndani siku zote sasa, halionekani lakini linajaza. Sweta nyeusi juu yake, ya kahawia juu ya nyeusi, iache wazi. Shingo ndefu itaficha mifupa ya hapa mbele. Mikono usiikunje, ifike kwenye vidole. Kwenye koti shona vipande vya godoro mabegani. Fundi Sabiri, ambaye huwa naenda kumsaidia kupiga pasi, amenionyesha namna, sikumwambia ni kwa ajili ya nini.

Mama, samahani nikikosea kuuliza. Hakuna zahanati ambayo Mkuu hawezi kujua ukienda? Hata Jumapili baada ya misa?

Mwanao,
Adelina


Makete,
21 Julai 2024

Mwanangu Adelina,

Mnaendeleaje? Samahani kwa mwandiko, vidole haviko vizuri.

Umenitengeneza. Mkuu amesema mbele ya walimu, "Matroni sasa hali ya hewa imemkubali, amenenepa." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wote wakacheka, hawajui nacheka nini.

Tatizo ni uzito. Hizi nguo zote kwa pamoja nazibeba kama kuni. Jana nikipanda ngazi za bweni nilikaa katikati, nikajifanya nafunga kiatu. Apolinaria akashuka, akaninyang'anya ndoo, akasema, "Matroni, kiatu chako hakina kamba." Tangu hapo asubuhi nakuta ndoo zimeshapandishwa.

Zahanati nitaenda, usinisumbue na hilo. Niambie tu niongeze nini kwenye koti, limeanza kuning'inia hata na hayo magodoro.

Mama yako


Makete,
11 Agosti 2024

Mwanangu,

Hamjambo? Mbona kimya? Basi limepita Jumatano na Jumamosi, kondakta anayetuletea barua hana kitu. Kama unaumwa mwambie Bibi amtafute mtu anipigie. Kama umechoka na mambo yangu ya nguo, niambie tu, sitakasirika.

Bado nangoja lile la koti.

Mama yako


Igalula,
1 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Siumwi, na Bibi haumwi. Nilikuwa nashindwa kuandika.

Barua yako ya Julai ilipofika nilitaka nijue koti linaning'iniaje, ili nisikupangie kwa kubahatisha. Nikaazima koti kwa Fundi Sabiri, nikavaa kila kitu nilichokuagiza wewe uvae. Kitenge mara mbili, gauni, sketi, sweta mbili, koti lenye magodoro, na shingo nimeizungushia kitenge kingine. Nikachukua ndoo niende bombani, nione. Ndoo ilipojaa sikuweza kuiinua mpaka kichwani. Mimi, Mama, ambaye sina ugonjwa wowote. Nikarudi nayo nusu, jasho linanitoka, Bibi akiwa kwenye mchicha. Akainua uso, akauliza, "Karibu, wewe ni nani?"

Nikasema ni mimi.

Akasema, "Sikukujua."

Nilikaa chini pale pale kwenye tuta. Nikamsomea barua zako zote, na ile karatasi ya pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipiga na kanga yake, mara moja tu, hakuniumiza. Akasema, "Mwanangu anaishia ndani ya nguo na wewe unampa mitindo?" Nilikuwa najivunia ile ya Mkuu kusema umenenepa. Nilimsimulia hata Fundi Sabiri, kama vile umenenepa kweli.

Koti sitakuambia uongeze nini. Usiniombe tena, sitapanga.

Chuo cha Januari nimekiacha. Usipige simu kunibembeleza, kwa sababu safari hii nitaongea. Fundi Sabiri amesema nikitaka kujifunza cherehani ipo na vitambaa vipo, nitaanza kwa kushona mapindo. Tukijaliwa, chuo kitakuwepo mwaka mwingine. Mwambie Mkuu ukweli kwamba unaumwa na unakwenda kwenu kutibiwa. Ufunguo akimpa yule mama, ampe.

Nitakupangia nguo za safari tu.

Ukitoka Makete vaa zote, alfajiri ni kali na gari halifungi madirisha vizuri. Mbeya utalala, asubuhi koti liweke kwenye mfuko, usilivae tena. Ukishapita Chunya jua litaanza, vua sweta ya kahawia. Rungwa basi linasimama watu wale. Wewe omba uji, unywe polepole, hapo vua na ile nyeusi. Usiogope abiria, hakuna anayekujua. Ipole au Sikonge, popote watakaposimama mchimbe dawa, kitoe kitenge cha bluu shingoni, ukining'inize ujikinge, utoe pini, uvue na sketi. Vyote vitaingia kwenye mfuko mmoja. Hicho cha bluu usikirudishe shingoni.

Stendi ya Tabora ushuke na gauni la drafti peke yake. Huku kumeshaanza joto, hutasikia baridi. Ukishatuambia siku ya kufika, sisi tutakuja na treni siku moja kabla, tutalala Cheyo kwa binamu yake Bibi, na tukikupokea tunakwenda moja kwa moja Kitete hospitali, nyumbani baadaye. Bibi amesema atasimama mbele ili akuone wa kwanza, nami nimemwambia nitasimama naye.

Usijifunike na chochote, Mama. Tunataka tukuone ulivyo, hata kama ni kidogo kilichobaki.

Mwanao,
Adelina