Diskette ya Tatu Juu ya Spika

Baba Nadifa,

Chai iko kwa thamosi. Kompyuta usiizime, na tafadhali usiguse kitu.

Mwandiko utanisamehe, naandika haraka. Ulipotoka tu, nilianza kurudisha hadithi za mama yako kutoka kwa diskette hadi kwa diski mpya ya kompyuta, zile nilichapa akinisimulia kabla hajafariki. Kwanza mashine haikuiona hiyo diski. Kumbe fundi jana alichomeka waya kinyume. Nikageuza, ikaiona. Diskette ya kwanza ikasomeka vizuri, ya pili pia. Ya tatu ikakataa. Nikaitoa, nikaipanguza, nikairudisha. Tupu kabisa!

Nikamuuliza Nadifa hii ilikuwa imewekwa wapi. Akasema, "Baba aliiweka juu ya spika ya redio, isipotee."

Wewe! Ndani ya spika kuna sumaku, na sumaku hufuta diskette. Nilikaa chini sakafuni, hata kulia nikashindwa.

~~Usiniongeleshe wiki hii.~~ Najua hukujua.

Niliambia mashine iruke hiyo, na zilizobaki zimerudi zote. Kilichopotea ni hadithi ya safari ya mama yako na wenzake ya kuhama na ng'ombe wakati wa ule ukame mkubwa. Dada yako Timiro alikuwa kwa hiyo safari, kwa hivyo naenda kwake Tseikuru saa hii na kinasa sauti. Nadifa atakula kwa Esha hapa jirani.

Ningengoja Jumamosi twende pamoja, lakini Timiro anakohoa tangu Ramadhani.

Mama Nadifa