Mwambie Baba Yako

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka tena. Mama mkwe kaja sebuleni na beseni la kumwogeshea mtoto, mimi nikatokea mlango wa uani, daftari kwapani. Wiki ya tano sasa tangu mke wangu Rahel ajifungue, na mama yake yuko hapa kutusaidia kulea. Chumba na sebule, Buswelu. Kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Akiingia, natoka. Nikiwa ndani, anakohoa kwanza mlangoni. Nikiwa na neno naye, namwambia mtoto, naye anamjibu mtoto. Kabula ana wiki tano na ameshabeba ujumbe mwingi kuliko mjumbe wa nyumba kumi.

Naandika haya nikiwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Jiwe la moto. Mama huyu ataondoka lini?

Jumatano, 5 Machi

Mafunzo, Nyegezi. Tuko kumi na wawili, wote wa Kanda ya Ziwa, hakuna aliyewahi kuandikia televisheni. Ndiyo sababu tumechukuliwa. Mwalimu Tunu, aliyekuja kutoka Dar, anasema tamthilia zetu zinaandikwa na watu walewale wa mitaa ileile, kwa hiyo zinafanana. Wawili kati yetu wataajiriwa waandishi wasaidizi kwenye tamthilia itakayorekodiwa hapa Mwanza. Kazi ya chini kabisa. Kunukuu yanayosemwa kikaoni, kusafisha miswada, kuchemsha chai.

Naitaka kuliko chochote. Miaka saba naandika mabango ya maduka Mkuyuni. Sentensi yangu ndefu kuliko zote: "Hapa tunauza saruji, nondo na mabati ya rangi zote."

Leo kila mtu kapewa onyesho la kuandika. Langu: mke kakimbilia kwao, mume anamfuata, anagombana na mama mkwe. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu.

Niliwaandika wakiwa sebuleni, uso kwa uso, wanafokeana, kama tunavyoona kwenye luninga. Tukasoma mbele ya darasa. Bhoke, dada mmoja wa Tarime, alikuwa mama mkwe. Mimi mume. Mswada unasema mama mkwe anaingia. Bhoke akaingia. Mimi nikainuka nikatoka nje.

Nilishafika kwenye ngazi ndipo nikakumbuka kwamba tunaigiza. Miguu ilikwenda yenyewe. Darasa zima hoi kwa kicheko. Mwalimu Tunu hakucheka. Kanirudishia karatasi, kasema hiki nilichoandika hata mwenyewe sikiamini, niandike upya, Alhamisi nisome.

Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu asubuhi. Jiwe halikaliki. Nimejifungia sebuleni, wao wako chumbani. Nyumba haina dari, ukuta umeishia chini ya bati, kila neno linapita. Nikasahau hilo. Nikasoma onyesho kwa sauti.

Mara sauti ya mama mkwe ikatoka upande wa pili:

"Kabula, mwambie baba yako huyo mama si wa huku. Mama wa huku hamfokei mkwe wake. Anafokea kuku."

Nimekasirika. Mwanamke anayekaa kila saa tisa kutazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, leo ananifundisha kazi. Nimekaa na hasira kama nusu saa. Halafu nikaandika kuku.

Jumanne, 11 Machi

Siku tatu tunafanya hivi. Nasoma, ukuta unajibu. Mkali huyu mama, hana huruma. "Kabula, mwambie baba yako hapo nimesinzia." Mstari ukimwingia anasema tu, "Hapo nimesikia." Neno hilo nimelisikia mara mbili. Mara ya pili nilisimama.

Onyesho limegeuka lote. Mama yuko jikoni, mume kasimama nje chini ya upenu, ukuta katikati. Hawaonani hata mara moja. Mama anamfukuza kuku: "Wewe kuku, ulitoka hapa na manyoya yako yote. Nani kakunyonyoa?" Tunajua anamsema binti yake aliyerudi amekonda. Mume naye anamjibu kuku. Anaomba msamaha kwa kuku.

Maneno ya kunyonyolewa ni yake mama mkwe, neno kwa neno.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesoma. Bhoke alifuta macho. Mwalimu Tunu akaniuliza ile ya kuku nimeitoa wapi. Nikasema nimeitoa kichwani mwangu.

Siku ya kwanza tulisaini fomu: kazi iwe ya mwandishi mwenyewe. Nililijua hilo nikiwa naongea. Kasema nikiendelea hivi nafasi moja ni yangu. Furaha ilinifikisha mpaka kwenye ngazi, haikuvuka.

Nyumbani sauti ukutani: "Kabula, mwulize baba yako, yule kuku walimpenda?" Nikaenda kwenye jiwe. Akauliza tena, nikamsikia kutoka huko nje. Mwizi mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Sijatulia. Sili, sikai. Rahel kaniambia mama yake anaondoka kesho kurudi Magu.

Nimekwenda Nyegezi nikamwambia Mwalimu Tunu ukweli. Kasema onyesho lile hawezi kulihesabu tena. Jumatatu nimpelekee jingine, langu mwenyewe, la sivyo basi. Nimejuta kusema. Hadi sasa najuta.

Jioni nikasimama karibu na ukuta. "Kabula, mwambie bibi yako nilisema maneno yake ni yangu."

Maji yalikuwa yanamiminwa kwenye beseni. Yakakoma.

"Kabula, mwambie baba yako yale nilimpa mwenyewe. Kilichoniuma ni kuuliza habari za kuku mara mbili nikaachwa kama kichaa."

"Mwambie bibi yako walimpenda. Kuna mtu alilia."

"Haya," akasema. Akamwogesha mtoto.

Jumamosi, 15 Machi

Kaondoka asubuhi. Nimesimama nyuma ya nyumba hadi pikipiki iliyombeba ikatokomea, kama inavyotakiwa. Niliporudi ndani nimekuta mfuko wa michembe juu ya kiti changu. Viazi kavikatakata na kuvianika mwenyewe, hapo uani, nilipokuwa nakimbiakimbia.

Nilitaka aondoke tangu siku ya kwanza. Sasa naweza kukaa popote na sijui nikae wapi.

Jumapili, 16 Machi

Nimechana kurasa sita. Wa saba nimeuacha. Mwanamume kasimama nyuma ya nyumba yake, anataka kumuaga mama mkwe, hawezi kutokeza. Anasikia kila kitu: mzigo unafungwa, mtoto anabusiwa, pikipiki inawashwa. Hana neno hata moja.

Nimelisoma onyesho hilo kwa sauti. Ukuta kimya. Rahel alikuwa amelala na mtoto. Nikajua mwanzo ni mrefu, mtu angesinzia. Nimeukata bila kuambiwa.

Jumanne, 18 Machi

Jana nilimpelekea Mwalimu Tunu onyesho. Leo majina yametoka. Bhoke. Na mimi.

Alasiri Rahel kampigia mama yake, kaweka spika, kailaza simu chumbani kando ya mtoto. Mimi nikabaki sebuleni. Nikasema, Kabula, mwambie bibi yako nimepata. Kisha nikamsomea onyesho lote, polepole, kupitia ukuta, hadi pikipiki inaondoka.

Nikaweka karatasi chini, nikasogea ukutani.

"Kabula," akasema. "Mwambie baba yako hapo nimesikia."