Mlango wa Jiko Lako, Khadija

Khadija, abaayo, dada yangu,

Salaam aleikum huko ulikolala. Ungekuwa hai ningekuja kwako Kiwanjani kwa miguu nikuambie haya usoni, majirani wasikie. Sasa imebidi niandike. Darasa la gumbaru, tulipojifunza kusoma ukubwani, tulikaa dawati moja, kwa hiyo hata mwandiko wangu ukipinda utausoma.

Nyumba yako iko sawa. Wajukuu wanakula. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Habari njema zimeishia hapo.

Sasa Sadia wangu. Mimi sitachoka kusema: ni nani mwingine Isiolo hii amezaa msichana wa kuunganisha kompyuta mpaka ziongee, ya hapa na ya Nairobi? Akina mama wa Ngaremara wanaoniletea maziwa ya ngamia wanajua. Madereva wa malori wanajua. Hata askari wa kizuizi cha barabarani wanajua, na hao sijawahi kuwauzia kikombe cha maziwa.

Alikuja kukuzika. Siku ya pili wanawake walijaa, chai ikaisha. Mke wa mwanao akasukuma mlango wa jiko, ukakataa. Ule wa mabati, uliowekwa baada ya jiko la zamani kuungua, Sadia akiwa ameshahamia Nairobi. Basi Sadia akainuka, akauinua mlango kidogo kwa goti, akausukuma kwa bega. Ukafunguka. Akaingiza mkono kwenye lile debe kuukuu la makaa, ulilokuwa ukiwafichia wajukuu sukari, akatoa sukari. Hakuuliza mtu.

Nilisimama pale na kikombe mkononi. Nikamuuliza, "Nani alikuonyesha?" Akatazama miguu yake, kama zamani akivunja kitu.

Khadija. Mtoto wangu alikuwa akilala kwako.

Na si mara moja. Kila mara kampuni yao ilipomtuma hapa kutengeneza laini ya kompyuta za ofisi yao ya Isiolo, alishukia kwako, akalala chumba cha nyuma. Na mimi siku hizo hizo nimekaa sebuleni mwako nikijisifu, "Sadia ana kazi nyingi, Nairobi haiwezi kumwachilia hata aje kumwona mamake." Na wewe unaniongezea chai. Unasema, "Mashallah, abaayo." Mashallah! Na kati yetu na yeye ni ukuta tu.

Unakumbuka nilivyowaambia wanawake kwamba kompyuta inaongea kwa waya wa simu, basi? Ukanirekebisha mbele yao: "Hapana, kuna kisanduku. Kinageuza maneno ya kompyuta yawe mlio, mlio unapita kwenye waya, na kule mwisho kisanduku kingine kinaurudisha uwe maneno." Nikacheka, nikasema gumbaru ilikuingia kuliko mimi. Kumbe ni maneno ya mtoto wangu, yaliyopitia kwako kwanza.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, nikija kwako nakuwa ngamia wa mnadani. Kila mtu aje anitazame meno. Mwenye redio mbovu alete redio. Nimeshinda juani na nyaya, nataka kulala tu."

Sasa niambie wewe, mtu akiwa na ngamia wa maziwa mengi, anamfunika blanketi? Nimebeba mitungi ya maziwa mpaka mgongo ukapinda ndiyo yeye asome. Darasani alikuwa msichana peke yake! Nisimwonyeshe?

Najua alikuapisha unyamaze. Lakini mtu mzima anaapishwa na mtoto? Ungenikanyaga mguu. Ungesema, "Mama Sadia, punguza mdomo, mtoto anakukimbia." Ningekasirika wiki, halafu ningerudi na maziwa, kama kawaida yangu. Si tumegombana mara nyingi? Si nilirudi kila mara?

Halafu ile siku. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Sadia ameniambia kwamba kompyuta ya hapa ilipoijibu ile ya Nairobi mara ya kwanza, alitoka ofisini mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaja kukukumbatia jikoni, mkaruka ruka nyinyi wawili mpaka anjera ikaungua kikaangoni. Ile siku ilikuwa yangu, Khadija. Nimeingoja tangu alipojifunza kusoma. Wewe ukaila na anjera iliyoungua, na kesho yake ukanimiminia chai.

Jana mchana alikuja kwangu. Akavua viatu, akalala kitandani mwangu, miguu imetokeza nje kama alipokuwa mdogo. Talaso jirani akabisha, redio iko kwapani. "Nasikia yule wa kompyuta amekuja." Nikaziba mlango na mwili wangu. Mdomo ulikuwa tayari kusema ndiyo, karibu, mwite na dada yako. Nikasema, "Hayupo."

Lilikuwa zito, neno hilo. Wewe uliliweza vipi, mara zote hizo, ukinitazama machoni?

Sijakusamehe. Usidhani. Lakini maziwa ya wajukuu wako nitayapeleka kila asubuhi, na ule mlango wa jiko nimewaambia wasiurekebishe.

Mungu akulaze pema, abaayo. Na siku nitakapokufuata, usinipe chai kwanza. Nipe kigoda, uniambie siku ile yote: alivyoingia, alichosema, alivyocheka. Usiruke kitu. Mimi huyu, ninayejulikana Isiolo nzima kwa mdomo, naahidi sitakukatiza.

Mimi,
Mama Sadia