Tatu Aliponyoosha Mkono

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Mtunda, wewe, shemeji na watoto, na mguu wa mama uwe umepunguza maumivu. Mimi mwili hauna tatizo. Ningekupigia simu, lakini mtandao wa huku deltani unakata maneno katikati, na haya nataka uyapate yote. Nimempa barua mwalimu mwenzangu anayekuja Kibiti kikazi.

Unakumbuka nilivyoondoka najisifu kwamba sitafundisha kama tulivyofundishwa sisi, kunakili ubaoni na kukariri. Kweli nilifanya hivyo. Darasa la tano niliwapanga vikundi vikundi, nikawatoa nje kupima majaruba ya mpunga, wakatafuta eneo wenyewe, wakabishana mpaka wakapatana. Kila siku nikawaambia, "Asiyeelewa aulize. Kuuliza si utovu wa adabu."

Kuna msichana anaitwa Tatu, anavuka mto kwa mtumbwi kuja shule. Miezi mitatu hakufungua kinywa. Siku ya majaruba ndiye aliyewaonyesha wenzake mahali maji ya chumvi yanapofika na mpunga unapokauka. Tangu hapo akawa haishiwi maswali. Nilimfurahia kama wangu wa kumzaa.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliingia darasani kwangu kufundisha sayansi. Akaandika kwamba mpunga hustawi penye maji mengi. Tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona kwetu maji mengi na mpunga unakufa?"

"Nani kakufundisha kubishana na wakubwa?"

"Mwalimu Rehema katwambia tusipoelewa tuulize."

Nikaitwa. Nikamkuta kasimamishwa mbele ya wenzake, fimbo iko mezani. Mwalimu mkuu akaniuliza, "Ni kweli umewaambia hivyo?"

Tatu aliponiona alitabasamu, dada. Alijua nimekuja kumtetea.

Nikasema, "Niliwaambia waulize kwa adabu, mwalimu. Huyu kavuka mipaka."

Alichapwa viboko vinne, mimi nimesimama palepale. Unajua nilichokuwa nawaza? Barua yangu ya kuthibitishwa kazini, maana yeye ndiye wa kunipendekeza.

Wiki nzima Tatu hakuja. Nikavuka kwenda kwao. Mama yake alikuwa anapepeta mchele, wala hakuuweka chini ungo. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuleteeni mtoto mkimya. Alikuwa hajawahi kuchapwa huyu. Wewe ukamfundisha kusema, na siku aliyosema ukamwacha peke yake."

Nikaomba tu amrudishe mtoto shule.

Amerudi. Nilimwomba radhi mbele ya darasa zima, nikasema mwenye kosa ni mimi. Akasimama, mikono nyuma, akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Akakaa. Nikauliza nani ana swali. Hakuna aliyenyanyua hata macho.

Juzi wamepita wageni kutoka wilayani. Wamekuta madawati yamepangwa vikundi, watoto kimya, wakanisifu kwa namna ninavyomshirikisha mwanafunzi. Mwalimu mkuu akanipa mkono mbele yao. Na barua ya kuthibitishwa imetoka. Hilo mwambie mama, atafurahi. Mengine yabaki kwako, maana sina mwingine wa kumwambia, na wala sikuombi unipoze.

Nisalimie shemeji, na mjomba aliyenisindikiza na begi mpaka stendi. Bibi mwambie nimeipokea mikeka. Na huyo binti yako Hidaya, akikuuliza jambo, hata kama umetoka shamba umechoka, mjibu.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Rehema