Herufi T

Belden Grove, Iowa
20 Agosti 1967

Dada Ardis,

Pokea salamu zangu kabla sijabadili nia ya kuzituma. Hujambo wewe na shemeji Duane? Joto la Des Moines mnalivumilia? Sisi wazima. Mama siku hizi anapanda ngazi bila fimbo, na jana kachuma nyanya ndoo nzima huku akiwasengenya majirani.

Habari kubwa ni chuo. Vile vyumba sita juu ya ukumbi wa michezo wa shule, vilivyoanzishwa ili watoto wa wakulima wapate miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu huku wakilala kwao, sasa basi. Tumepewa jina jipya, Chuo cha Jamii, na majengo yanainuka kwenye shamba la mahindi la mzee Tjaden. Mimi mwenyewe niligonga milango kuomba kura za kukijenga. Mzee aliniambia kama nataka kusomesha mahindi nianze na yake, kisha akapiga kura ya ndiyo!

Haya. Mwezi Juni niliomba kuhamia chuo kikuu, mwaka wa tatu, nikasomee udaktari wa mifugo. Unajua tangu utotoni sina wimbo mwingine. Wakajibu kwamba katika masomo yangu yote wanatambua matatu tu, nianze upya. Nikamwendea mshauri wetu, Bwana Hemmings, na orodha yangu, nikamwonyesha kwamba kila somo lina T pembeni, yaani la kuhamia. Akavua miwani, akasema binti yangu, kwa Kiingereza neno la kuhamia, transfer, na neno la kukomea, terminal, yote huanza na T. Hii yako ni ya kukomea, kozi za kwenda kazini moja kwa moja. Nilienda kulia chooni.

Wiki tatu nikajiita mjinga. Jumatatu wanafunzi tukasaidia kupakia makabati ya ofisi ya chuo kwa ajili ya kuhama, nikakutana na fomu yangu ya kujiunga. Alama yangu ya penseli ilikuwa kwenye kuhamia. Imefutwa. Kukomea kumetiwa alama kwa wino wa kijani, na wino huo ofisi nzima ulikuwa nao wewe peke yako, dada karani. Pembeni umeandika: Lavonne atabaki na mama.

Ardis! Miezi mitatu baadaye ukaolewa, ukaenda zako. Na kila Krismasi ukanipongeza kwa alama nzuri! Angekuwa mwingine ningesema kapitiwa, lakini wewe ulifuta kwanza. Umeniumiza, na sijui nitakusamehe lini.

Mama sijamwambia. Nimemwambia tu umemkumbuka, naye kafurahi, kafungasha na mitungi kumi na miwili ya matango ya siki. Basi lake linafika kwenu Alhamisi saa saba mchana. Hulala redio ikiwa imewashwa, msimzimie. Ijumaa naenda chuo kikuu kuanza mwaka wa kwanza, na watoto wa miaka kumi na minane. Mama nitamkumbuka sana.

Msalimie shemeji, aandae chumba. Tiketi ya mama ni ya kwenda tu.

Mdogo wako,
Lavonne

Kalamu yako niliikuta kwenye droo, bado inaandika. Mstari huu ni wa kijani: Ardis atabaki na mama.