Oringi Iliyokwenda Gereji

Jumatano, 4 Juni 2025

Baridi. Malori yamejipanga toka mpakani hadi huku kwetu.

Nimeweka pete mpya ya uzazi wa mpango asubuhi. Unaibana, unaisukuma ndani, basi. Kufunga kiatu ni kazi zaidi. Atuganile, shoga yangu, huninunulia Lusaka. Wiki tatu ndani, wiki moja nje. Sindano ilinitoa damu mfululizo. Vidonge mama mkwe atavikuta, hupekua hadi debe la unga. Na kijiti — akinisalimia hunipapasa mkono mzima, utadhani ananunua mbuzi.

Huku ndani hajafika. Bado.

Mfuko wa uzazi ulichanika nikimzaa Mika. Nikibeba tena mapema naweza kufa. Daktari alilisema neno hilo taratibu, kama anaomba radhi. Amoni, mume wangu, sijamwambia. Alinikuta naongea, akajua nimepona. Nilingoja aulize.

Ijumaa, 6 Juni

Mama mkwe ameota tena! Marehemu baba mkwe kasimama mlangoni, kalowa chepechepe, anauliza jina lake liko wapi. Mama anasimulia huku anapakua ugali, kama anayetaja bei ya mahindi. Jina tulimpa Mika. Mtoto tulimzika kijijini Itaka, kando ya kahawa, kalizaliwa kameshanyamaza.

"Mama Mika, mzee anapigwa baridi huko. Zaeni mwingine, mrudishieni jina."

Nimesikia, mama.

Mzee mimi simwoni. Mimi namsikia mtoto. Nikifua. Nikipepea mkaa. Kilio kidogo, cha aliyechoka kulia. Na yule hakulia hata mara moja! Sauti hiyo kaitoa wapi?

Jumapili, 8 Juni

Juzi Amoni alidai anahisi kuna kitu. Nikamwambia ni mfupa. Akakubali! Fundi wa malori mzima.

Basi leo mchana, mama yuko kanisani, Amoni ananitazama kwa jicho lile — nikaitoa mapema. Nikaisuuza, nikaiweka juu ya kikombe bafuni. Inaruhusiwa, mradi isipite masaa matatu. Sijafika chumbani, simu: lori limezima barabarani. Akaoga mbio, akaondoka.

Nimerudi bafuni. Kikombe kipo. Pete haipo.

Nimemwaga ndoo, nimechambua taka. Mama kanikuta nimepiga magoti.

"Unatafuta nini, Mama Mika?"

"Hereni, mama."

"Una hereni tangu lini?"

Jumatatu, 9 Juni

Imeonekana. Yaani nimejua iliko.

Amoni kaja kula, mchangamfu kweli. Aliokota oringi bafuni, ile pete ya mpira ya kuzibia pampu, safi, laini, akadhani imemdondoka mfukoni. Akaipeleka gereji! Kaijaribu kwenye pampu ya lori la Mzambia. Inakaa vizuri, anasema, ila inavutika mno. Kama nimeona nyingine nimwekee.

Nimecheka hadi machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Atuganile hana ya akiba, na safari yake hadi wiki ijayo. Jana niliumwa kichwa. Leo litakuwa tumbo. Magonjwa yananiishia.

Kilio leo kiko karibu. Kama kipo ndani ya kapu la nguo.

Alhamisi, 12 Juni

Amoni karudi mchana bila kuitwa na njaa. Mikono kanawa. Kaiweka pete mezani, juu ya kitambaa safi.

Yule dereva Mzambia kaiona kwenye kopo la vipuri. "Awe, mune! Hapana, rafiki! Hii ya mke wako hii!" Mke wa dereva naye huitumia. Gereji nzima imecheka.

Nikangoja kofi. Akakaa.

"Siku ile ya Mika. Daktari alisema nini?"

Sijafungua kinywa, mama kajibu toka mlangoni. "Alisema apumzike."

Amoni akageuka. "Mama, ulikuwepo?"

"Nilishika beseni."

"Apumzike, la sivyo?"

Mama anafuta sahani iliyokauka zamani. Nikasema naenda kuangalia maharage. Niko jikoni, naandika nimesimama. Maharage yameshaiva. Nasikia kiti kinavutwa, mama anakaa. Anaanzisha habari za mzee na baridi.

"Siulizi ya mzee, mama. Nauliza ya daktari."

Ningeweza kuingia nikamsaidia. Siingii. Nataka lile neno la daktari, kufa, litoke mdomoni mwake mwenyewe.