Nyumba Yako Bado Inawaka Taa

Bugwema, Jumapili

Kaka Magesa,

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni kwako. Watu wa matanga wameshaondoka wote, na nyasi zimeanza kuota kaburini. Mimi najitahidi. Mama hawezi.

Ni ile taa yako ya nje, kaka. Mchana mama anajua. Anang'olea majani kaburi lako huku analia. Lakini giza likiingia taa inawaka yenyewe, kama ulivyoifunga, naye anainuka, anakupakulia ugali na sato, anafunika sahani. "Amerudi," anasema. Asubuhi namkuta anawamwagia kuku.

Nimemweleza kama ulivyonieleza siku tulipopandisha paneli juu ya bati: kwamba ndani ya kile kioo kuna chembe ndogo mno, mwanga wa jua ukizipiga zinatoka mbio kama mbuzi zizini, na kwa kuwa mlango ni mmoja, zote zinapita kwenye waya. Mwendo huo ndio umeme. Nilikucheka sana. "Cheka tu, mdogo wangu," ukasema, "leo utasomea umeme wa mbuzi." Nikamwambia mama kwamba mchana umeme unajaa kwenye betri, na paneli ikikosa mwanga, kile kiboksi cha ukutani kinajua giza limeingia, kinawasha taa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Sawa mwanangu. Sasa nani anaiwashaga?"

Nililia mbele yake.

Betri imechoka, kaka. Naiongezea maji yake, nafuta vumbi kwenye paneli, lakini haitunzi tena. Zamani taa ilikesha. Sasa inazimika hata hatujalala. Mama anasema siku hizi unawahi kulala, labda kazi ni nyingi.

Juzi nilikwenda Musoma kununua betri nyingine. Niliishika mikononi pale dukani. Nikaiona ile sahani, leo, na kesho, na mwaka ujao. Nikairudisha, nikatoka. Sijui kama nimefanya vizuri. Njia nzima nilijisikia nimekuzika mara ya pili, na safari hii peke yangu.

Pumzika, kaka yangu. Waya sitaukata, nakuahidi; taa itachoka yenyewe. Na jioni itakapokataa kuwaka, nitakuwa nimekaa jikoni na mama, nimemshika mkono.

Mdogo wako,
Nyamisi